Safari Hii

Wahenga walisema tembea uone. Hawakusema ni nani anayeruhusiwa kutembea, wala kwamba anayetembea ataombwa karatasi gani njiani. Katika insha hii nataka kueleza safari ya siku tano niliyoifanya na mume wangu mwezi wa Agosti 2025, kutoka makazi ya wakimbizi ya Nakivale hadi Mbarara na Ziwa Mburo. Tulikwenda kikazi. Lakini safari hiyo ilinifanya nilitazame upya neno moja ambalo sisi wanafunzi wa Kiswahili tunadhani tumelimaliza tangu darasa la kwanza.

Neno lenyewe ni safari. Asili yake ni Kiarabu, nasi tumelikuza likawa pana. Kwenda kuzika ni safari, kwenda Kampala kununua vitenge ni safari, na mtu akituudhi tunamwambia "safari hii sikusamehi", tukimaanisha mara hii. Kiingereza kililichukua kutoka kwetu katika karne ya 19 kikalibana. Kwanza lilikuwa msafara wa watu wenye mizigo, kisha msafara wa kuwinda, na siku hizi ni kukaa ndani ya gari na kutazama wanyama. Kijijini kwetu, upande wa Base Camp, kuna maana nyingine ambayo sijaikuta katika kamusi. Mtu akisema jirani "amepata safari", hahitaji kutaja wapi. Ni Marekani, Kanada au Australia. Maana yake amepita mahojiano, amepimwa afya, na jina lake limetoka.

Kwa wenzangu wasiopajua, Nakivale iko wilaya ya Isingiro, kusini magharibi mwa Uganda, yapata kilomita 60 kutoka Mbarara. Ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi ya zamani kabisa barani Afrika. Wanyarwanda walianza kupokewa hapo mwishoni mwa miaka ya 1950, na eneo likatangazwa rasmi mwaka 1960. Leo lina watu zaidi ya laki moja, Wakongo tukiwa wengi, pamoja na Warundi, Wasomali, Wanyarwanda, Waethiopia na wengine. Kwenye karatasi za serikali panaitwa makazi, lakini sisi wenyewe tunasema "kambini". Nadhani tofauti ya maneno hayo mawili ndiyo tofauti iliyokuwa kati yangu na mume wangu.

Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mkimbizi haki ya kufanya kazi na kutembea, na katika makazi familia hupewa kipande cha ardhi. Kuna methali isemayo mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi tuliiona kwa macho. Tulipofika mwaka 2012 tulipewa turubai, sufuria, mablanketi na jembe. Hata hivyo mtu anaweza kupewa jembe akalima miaka 13, na bado moyoni akakaa kama aliye kwenye stendi ya basi.

Mume wangu alikaa hivyo. Kwao ni Vitshumbi, kijiji cha wavuvi kwenye ufuko wa kusini wa Ziwa Edward, ndani ya Hifadhi ya Virunga. Alisomea ualimu, akapata kazi Rutshuru, na huko ndiko tulikooana. Nakivale alifundisha watoto kwa miaka kadhaa, lakini akili yake ilikuwa kwenye faili letu la Marekani. Mimi nilitaka tupande miparachichi nyuma ya nyumba. Alikataa kila msimu wa mvua. "Mama Mapasa, parachichi la kupandikiza linahitaji miaka mitatu, minne, ndipo lizae. Tutakuwa tumeondoka. Tumpandie nani?" Mapasa ni mapacha kwa Kiswahili cha kwetu, na tangu tuwazae wawili wetu hakuna anayetuita jina lingine.

Januari 2025 Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi. Faili letu likasimama pamoja na mengine. Mume wangu hakulia wala hakugomba. Aliacha tu kuongea. Alikuwa anarudi shuleni, anakula, anaangalia simu, analala. Watoto wakimwuliza jambo, anasema, "Mwulizeni mama yenu." Miezi saba ilipita hivyo.

Ndipo shirika moja la afya likanialika Mbarara pamoja na watafsiri wengine kusahihisha ujumbe wa afya ulioandikwa kwa Kiswahili kwa ajili ya makazi ya wakimbizi. Walihitaji pia mtu anayejua Kiswahili cha Kongo, Kinande na Kifaransa. Nilimtaja mume wangu bila kumwuliza. Nilipomwambia, alitaka kujua jambo moja tu, kama posho italipwa. Nilimjibu kwamba italipwa. "Basi nitaenda," akasema.

Tuliwaacha mapacha kwa jirani, tukachukua barua zetu za ruhusa na vitambulisho, tukapanda takisi Jumatano alfajiri. Barabara ni ya vumbi mpaka unapoipata lami ya Isingiro, kisha ni vilima vya matoke, kilima baada ya kilima, mpaka Mbarara. Mbarara imekuwa jiji tangu 2020, na mgeni hukaribishwa na sanamu ya ng'ombe wa Ankole mwenye pembe ndefu. Tulipewa chumba kwenye gesti. Mume wangu alisimama mlangoni akiugeuzageuza ufunguo uliokuwa na kibao cha namba. Kwa miaka 13 ya Nakivale, na mwaka mmoja wa Rutshuru kabla yake, hatukuwahi kulala mahali ambapo mtu mwingine ametandika kitanda. "Kumbe kazi ni hivi," akasema. Ilikuwa sentensi ya kwanza aliyoitamka siku hiyo bila kuulizwa.

Kazi yenyewe ilikuwa ngumu kuliko tulivyodhani, na nadhani wasomaji wa mkusanyiko huu wataona kwa nini. Mezani tulikuwa Waganda, Mtanzania mmoja, Mkenya mmoja, na sisi. Bango la kwanza liliwahimiza wajawazito wamwone daktari mapema. Kwa Kiswahili sanifu halikuwa na kosa. Lakini mama wa Rutshuru au Masisi hasemi daktari, anasema munganga, na munganga wake ni yule mwenye koti jeupe. Mwenzetu wa Tanzania alishtuka, maana kijijini kwao ukisema mganga watu wengi hufikiria kwanza yule wa mitishamba. Neno ni lile lile, na linaweza kumpeleka mtu hospitalini au kumpeleka kwingine.

Bango la pili lilikuwa la dawa: "Vidonge viwili asubuhi vinatosha." Mume wangu aliinua mkono. Kwetu, kutosha si kuwa kiasi kamili tu. Kutosha ni kutoa, kuondoa. Mtoto huambiwa "tosha viatu" akiingia ndani. "Mtu wetu akisoma hapa," alisema, "atauliza vinatosha nini? Vinatosha maumivu? Basi kama maumivu hayajatoka, ataongeza cha tatu." Chumba kilinyamaza. Mmoja akasema hiyo si Kiswahili sanifu. Mume wangu akamjibu kwa upole wa mwalimu, "Ndugu yangu, mama ambaye mtoto wake anachomeka na homa usiku hatafuti sanifu. Anatafuta kujua ameze vingapi." Tulikubaliana pa kwanza tuandike daktari na munganga pamoja, na pa pili tuandike waziwazi kwamba asimeze zaidi ya viwili. Kwa siku zote za kazi alibishana, akacheka, akaandika. Nilikuwa sijamwona hivyo tangu mwaka ule uanze.

Jumamosi waandaaji walikodi gari kuwapeleka wote Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Mburo, kila mtu ajilipie kiingilio. Mimi nilifurahi. Yeye alikunja uso.

"Mimi siendi, Mama Mapasa."

"Kwa nini?"

"Pori nimeliona. Watu wanalipa ili waone pori?"

Nilijua anasema nini. Mwaka 2012, vita vya M23 vilipotukaribia Rutshuru, tuliiacha barabara kubwa kwa hofu, tukatembea usiku kandokando ya Virunga hadi tukavuka mpaka Bunagana. Nilikuwa na ujauzito wa miezi minne. Tulisikia wanyama gizani na hatukujua ni wanyama au ni watu, na tuliomba wawe wanyama. Sikumsihi. Nilimwambia tu kwamba mimi nitakwenda, na kwamba nisingependa kwenda peke yangu. Asubuhi nilimkuta amevaa viatu.

Barabara ya Mbarara kwenda Masaka inapita Sanga, na hapo ndipo tulipoiacha lami. Dereva wetu alikuwa mwenyeji wa huko, mtoto wa wafugaji. Alituambia kwamba boma la babu yake lilikuwa ndani ya hifadhi. Eneo hilo lilikuwa la uwindaji uliodhibitiwa tangu enzi za ukoloni, likafanywa hifadhi ya taifa mwaka 1983, na familia zilizokuwa humo zikaondolewa pamoja na ng'ombe wao. Serikali ilipobadilika mwaka 1986 wengi walirudi, na baadaye sehemu kubwa ya ardhi ikatolewa nje ya hifadhi wakapewa watu. Ndiyo maana hata kabla ya geti tuliona punda milia wakila majani katikati ya ng'ombe wenye pembe ndefu, kama mifugo ya bwana mmoja. Mume wangu, ambaye hakuwa amesema neno tangu Mbarara, aliinama kuelekea kiti cha mbele. "Babu yako alikwenda wapi?" Dereva akamjibu, "Kwa mjomba, miaka mitatu. Kila siku alihesabu ng'ombe waliokufa." Kisha wakaendelea kuzungumza wao wawili, kwa Kiswahili cha Uganda na cha Kongo, na sisi wengine tukawasikiliza.

Getini kulikuwa na jambo dogo ambalo mwanafunzi wa lugha hawezi kuliacha. Kiingilio hupangwa kwa uraia. Mwananchi wa Afrika Mashariki hulipa kwa shilingi za Uganda, mgeni wa kutoka nje hulipa kwa dola, na bei yake ni mara kadhaa zaidi. Waganda walilipa, Mkenya na Mtanzania wakalipa, wageni wawili wa kutoka Ulaya wakatoa dola. Tukabaki sisi na kadi zetu za ukimbizi mkononi. Karani alizigeuza. "Ninyi tuwaweke wapi? Wenyeji au wageni?"

"Ukipata jibu, dada, utuambie na sisi," mume wangu akasema.

Karani akacheka, akaisoma kadi tena. "Kongo. Kongo si iliingia Jumuiya?" Kweli, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. "Basi ni shilingi." Akaandika risiti. Nimesoma mengi chuoni kuhusu Jumuiya na Kiswahili kama lugha yake. Siku ile ndiyo niliona kwa mara ya kwanza ikitupunguzia bei.

Ndani tuliona swala pala, wale ambao wengi husema ndio walioipa Kampala jina lake, tukaona pofu, ngiri, nyati, na twiga, ambao uzao wao uliletwa mwaka 2015 kutoka Murchison Falls. Nisiwachoshe kwa orodha. Kilichonibaki ni mashua.

Tulipanda mashua ziwani saa tisa mchana. Furukombe alikuwa amekaa juu ya mti mkavu, na viboko walikuwa kundi moja karibu na mafunjo, masikio tu yakionekana. Mwongoza wageni alieleza kwamba kiboko hulala majini mchana na kula nchi kavu usiku. Mume wangu akasema kwa sauti, bila kumkusudia mtu, "Na ndiye anayelisha samaki."

Mwongozaji akamwomba aeleze. Basi akaeleza, na mimi nikawatafsiria wale wageni wawili. Alisema Vitshumbi wazee waliwaheshimu viboko, si kwa kuwaogopa tu. Kiboko hula majani usiku kucha, kisha hurudi kunya majini. Kinyesi kile hurutubisha maji, vijidudu na mimea midogo huzaliana, na tilapia hupata chakula. Virunga, ambayo ni hifadhi ya taifa ya kwanza kuanzishwa Afrika, mwaka 1925, ilikuwa na viboko zaidi ya 25,000 katika miaka ya 1970. Wakati wa vita wenye silaha waliwaua kwa nyama na meno, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 walikuwa wamebaki chini ya 2,000. "Baba yangu alikuwa anahesabu kwa nyavu," alisema. "Kila mwaka viboko wachache, nyavu nyepesi. Alijua vita imefika ziwani kabla hatujasikia bunduki."

Aliongea karibu nusu saa. Alituonyesha jinsi ya kujua kiboko amekasirika, na kwa nini mvuvi hakatishi kati ya kiboko na maji ya kina. Mwongozaji aliandika kwenye daftari lake. Mimi nilikuwa natafsiri, lakini nusu ya akili yangu ilikuwa inamtazama yule mwalimu niliyemwoa Rutshuru. Mwishoni akauliza maji ya ziwa lile yanatoka wapi. Akaambiwa kwamba Mto Rwizi, ule ule unaopita Mbarara, ndio unaolisha ardhi oevu ya maziwa yale, na Ziwa Nakivale likiwa mojawapo. Akachovya mkono majini. "Kumbe ni maji ya kwetu," akasema. Sikumwuliza kwetu wapi.

Usiku ule mapacha walipiga simu ya jirani. Wana miaka 12 lakini kila mmoja alitaka kushika simu. Swali lilikuwa moja, "Mnarudi lini?" Akawajibu, "Kesho. Kesho mchana." Alipokata simu alikaa kitandani muda mrefu.

"Unakumbuka tulipofika Kisoro?" akaniuliza. "Mama alinipigia. Aliniuliza vile vile, mnarudi lini. Nikamwambia tutaona." Mama yake alifariki mwaka 2016, na hatukuonana naye tena. "Leo wameniuliza, nimejibu siku na saa."

Hapo ndipo nilipolielewa neno letu. Nilikuwa nimezoea kufikiri kwamba kinachotofautisha safari na kukimbia ni umbali, au hatari, au fedha. Lakini Nakivale hadi Ziwa Mburo si mbali, na pori ni pori, na fedha tulizotoa zilituuma. Msafiri ana mtu anayemsubiri na siku ya kumwambia. Mkimbizi huondoka bila siku hiyo. Na yule anayesubiri jina lake litoke, kama tulivyokuwa sisi, ana taabu yake ya tatu, kwa sababu hajaondoka na wala hajakaa. Watu husema msafiri maskini ajapokuwa sultani, kwa jinsi njia inavyomfanya mtu ahitaji msaada wa kila mlango. Labda ni kweli, lakini hata huyo ana kwao pa kutajwa anapoulizwa.

Jumapili, kabla ya kupanda takisi, mume wangu alisema anakuja sasa hivi, akapotea sokoni. Alirudi na miche miwili ya parachichi katika mifuko myeusi, udongo ukiwa bado mbichi. Kondakta alitaka nauli ya mtoto kwa kila mche. Wakabishana, wakapatana tuilipie mmoja na mwingine nimpakate. Tulipita Isingiro, nami nikiwa na jani la mparachichi puani.

Sitaki msomaji adhani kwamba ziwa lilimponya mume wangu au kwamba tumeacha kutamani kuondoka. Faili bado lipo, na wakituita tutakwenda. Nilimkumbusha maneno yake ya zamani, tumpandie nani, naye akajibu, "Kama tupo tutakula. Kama hatupo, jirani ametutunzia watoto siku tano, na yeye ana watoto." Miche imeshika. Kila jioni mapacha hugombana nani achote maji, na baba yao ndiye anayewaamulia, hawaambii tena wamwulize mama.

Wiki iliyofuata, mama mmoja wa mtaa wa pili aliyetuona tukitoka na begi alinishika mkono kisimani. "Mama Mapasa, nasikia mlipata safari!" Nilimwambia ndiyo, tulikwenda Mbarara kikazi, tukatembea, tukarudi. Alivunjika moyo kwa niaba yangu. "Ah, mama. Mimi nilidhani safari ya kweli." Nikamtwisha ndoo yake, tukaenda pamoja hadi njia panda.